Acheni kupaka silikoni valvu zinazovuja hewa

Pita karakana za Nyakato au Igoma, hapa Mwanza, saa za mchana, utasikia kompresa zikiunguruma hata pale ambapo mashine zimesimama. Sogea karibu utaiona sababu. Valvu ya kutengeneza wenyewe, imekerezwa vizuri kutoka kipande cha shaba njano, kisha imepakwa silikoni nyekundu kuzunguka kila kiungo, na bado inalia sss. Hili linaniudhi sana, kwa sababu kazi ngumu ilishafanyika. Kilichoharibu ni milimita 0.2, na silikoni haiwezi kuirudisha.

Oringi, ile pete ya mpira inayozuia hewa ndani ya valvu, haizibi eti kwa sababu ni mpya. Inaziba kwa kubanwa. Ndiyo maana unaweza kubadilisha oringi nne kwa wiki na uvujaji ukabaki palepale.

Chukua valvu ya kawaida ya kukanyaga kwa mguu, inayopeleka hewa kwenye silinda ya mashine: tundu la ndani milimita 16, pistoni 15.9, oringi yenye unene wa 2.4. Kwa pistoni inayotembea kwenye hewa, oringi inatakiwa ibanwe kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya unene wake. Kwa hiyo kati ya ukuta wa tundu na sakafu ya mfuo, ule mkato unaozunguka pistoni na kubeba oringi, ibaki nafasi ya 2.1, yaani kipenyo cha sakafu ya mfuo kiwe 11.8. Upana wa mfuo uwe 3.2, maana mpira ukibanwa hausinyai, unahama, nao unahitaji mahali pa kuhamia. Oringi yenyewe iwe na kipenyo cha ndani cha 11.3 hadi 11.6 ili ivutike kidogo tu. Ukiivuta zaidi ya asilimia 5 inakonda, na ule ubano ulioutafuta unapotea.

Sasa kisu cha mashine kizame 0.2 zaidi. Sakafu inakuwa 11.4, nafasi inakuwa 2.3, ubano unashuka hadi asilimia 4. Pistoni ikilalia upande mmoja, upande wa pili oringi inagusa ukuta kwa jina tu, na hewa inapita. Kisu kikiishia 0.2 juu, sakafu inabaki 12.2 na ubano unapanda hadi asilimia 21. Hapo valvu haivuji siku ya kwanza, ila inakuwa nzito, oringi inajisokota kama kamba, na ukiifungua unaikuta ina mikwaruzo inayozunguka kama nyuzi za bolti. Ukiona alama hiyo, usikimbilie dukani. Rudi kwenye mfuo upime. Na upime sakafu kweli: midomo ya vernia, kile kipimo cha kupimia vipenyo, kwa sehemu yake nene haiingii kwenye mfuo wa 3.2, kwa hiyo watu wengi wanapima ukingo wakidhani wamepima sakafu. Tumia ncha zilizokondeshwa za ile midomo, zungusha pistoni, soma mara tatu.

Kosa la pili ni matundu ya kupitishia hewa. Oringi inayovuka tundu la milimita 6 ikiwa na presha inachomoza ndani ya tundu, kisha ukingo unaing'ata kipande kidogo kila ukikanyaga. Badala ya tundu moja la 6, toboa tisa ya milimita 2 kuzunguka, na uyaunganishe kwa nje kwa mfereji mmoja. Eneo la kupitisha hewa ni lilelile, lakini kila tundu ni jembamba kuliko unene wa oringi, haina pa kuchomoza. Kisha sugua ndani kwa msasa namba 600 uliozungushiwa kijiti, wenye oili, mpaka ukipitisha pamba haikwami popote. Mdomo wa tundu la 16 nao ukatwe kwa mteremko wa nyuzi 15 hadi 20, la sivyo oringi inakatwa siku ileile ya kuingizwa.

Kuhusu mpira, hapa ndipo mafundi wengi wanapodanganyika. Mpira wa breki na kipande cha tyubu havipatani na oili ya injini wala grisi ya kawaida, vinavimba. Uvimbe huo unaziba uvujaji kwa siku chache, fundi anaamini amepona, halafu pistoni inakwama. Unachotaka ni mpira wa nitraili. Kama muuzaji hajui anachouza, pima unene wa oringi, ilaze kwenye oili kwa siku mbili, pima tena. Nitraili haibadiliki sana. Ule mwingine utauona umenenepa.

Kabla ya kufungua chochote, tafuta kinachovuja. Kwa valvu ya silinda inayorudi kwa springi: ikiwa imetulia na hewa inatokea kwenye tundu la kutolea hewa, oringi iliyo kati ya hewa inayoingia na silinda ndiyo mbovu. Ikilia pale tu unapokanyaga, ni ile iliyo kati ya silinda na tundu la kutolea. Silinda inayosukumwa pande zote mbili inachanganya, maana mpira wa pistoni yake ukichoka hewa inatokea kwenye valvu vilevile. Chomoa hosi zinazokwenda kwenye silinda, ziba matundu yake kwenye valvu kwa plagi, sikiliza tena. Kimya? Basi valvu yako ni nzima, fungua silinda. Viungo vya nje vipake maji ya sabuni kwa brashi.

Sawa, silikoni ina mahali pake: kifuniko kisichosogea, safu nyembamba, iachwe ikauke usiku mzima. Isiwe ile inayonuka siki, kwa kuwa asidi yake inakula shaba. Popote pengine mabaki yake yanabanduka, yanasafiri na hewa, na kukaa chini ya oringi.

Na jamani, bomba la PVC lisibebe hewa ya presha. Likipasuka halichaniki, linalipuka vipande vyenye makali. Hapa sitajadiliana na mtu.

Wanaosema uvujaji mdogo si kitu wapige hesabu. Tundu la milimita 1 kwa presha ya baa 6 linapitisha karibu lita 60 za hewa kwa dakika. Nasi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar, kompresa ileile inatupatia hewa pungufu tangu mwanzo. Unyevu wa ziwa nao unajaa kwenye tangi. Usipomwaga maji kila jioni yanaosha grisi, na kutu ya tangi inakuja kukwaruza lile tundu ulilosugua kwa shida.

Wauza vipuri wa Mwanza, nina ombi moja kwenu: andikeni kwenye kila kisanduku cha oringi aina ya mpira, kipenyo cha ndani na unene. Kalamu ya wino na kipande cha karatasi vinatosha.