Si mvivu, ni mishipa

Karibu kila maelezo ya CADASIL, ugonjwa wa kurithi wa mishipa midogo ya damu ya ubongo, huanza na kiharusi. Naelewa: mdomo ukipinda na mkono ukilegea, kila mtu anaona. Lakini kiharusi cha kwanza, ambacho mara nyingi huja kwenye umri wa miaka ya 40 au 50, humkuta mgonjwa ambaye ubongo wake umekuwa ukikosa damu ya kutosha kwa muda mrefu, na nadhani tunamkosea kwa kutoizungumzia miaka hiyo ya kabla ya kiharusi.

Chanzo kinajulikana. Mwaka 1996 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa kasoro iko kwenye jeni ya NOTCH3. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Protini mbovu hujikusanya kwenye kuta za mishipa midogo, misuli ya kuitanua na kuisinyaza inakufa taratibu, na damu inapohitajika zaidi mshipa hauwezi kuiongeza. Inayoumia ni sehemu nyeupe ya ubongo, zile nyuzi za ndani zinazounganisha eneo moja na jingine. Yenyewe iko kama nyumba ya mwisho kwenye bomba la mtaa: presha ya maji ikishuka, yake ndiyo inakauka kwanza. Kwenye picha ya ubongo ya MRI utaona mabaka meupe, mara nyingi hata usawa wa panja. Wataalamu bado wanabishana kama damu ilipungua kwanza au nyuzi zilikufa kwanza. Wabishane tu, mgonjwa ameshaanza kupungua.

Na anapungua namna gani? Mpe karatasi aunganishe namba na herufi kwa zamu: 1, A, 2, B. Anazijua zote, ila anachelewa na kupoteza zamu. Muulize maneno uliyomtajia muda mfupi uliopita, atakwama. Mdokezee kidogo, atayataja. Kumbukumbu ipo, njia ya kuifikia ndiyo mbovu. Halafu hamu ya kuanza jambo inakwisha. Katika utafiti mmoja wa wagonjwa 132, wapatao 41 kwa kila 100 walikuwa na hali hiyo, na baadhi yao hawakuwa na sonona hata kidogo.

Nyumbani hali hiyo ina jina jingine: uvivu. Baba amekuwa mzito, hajali, ameacha kazi zake. Mke ananuna, watoto wanamlaumu, bosi anamwandikia barua ya onyo. Yeye mwenyewe hana nguvu ya kujitetea.

Dawa ya kuponya haipo. Donepezil, dawa inayotumiwa kwa ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, ilijaribiwa kwa wagonjwa 168 wa CADASIL na kipimo kikuu cha akili hakikusogea. Kilichobaki ni kuacha sigara na kudhibiti presha, na hayo yanasaidia kweli. Ila daktari anayetoa ushauri huo amwite na mwenza wa mgonjwa, amweleze na hili la kutojali, kabla ndoa haijavunjika kwa sababu isiyo yake.