Si kila shamba lililokauka limepigwa na ukame

Kwenye mkutano wa kijiji huku Chamwino, mkoani Dodoma, mzee mmoja alisimama akasema mtama wake umekauka kwa ukame. Tukaitikia sote. Nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba wiki mbili nyuma mvua ilinyesha mpaka korongo lililo chini ya shamba lake likafurika na kukata njia. Maji yalikuja. Hayakukaa.

Neno ukame tunalitumia ovyo, na linatugharimu. Ukame ni kipindi: mvua inapungua chini ya kawaida ya mahali penyewe, msimu mmoja au kadhaa, kisha inarudi. Sasa kawaida ya Dodoma ni ipi? Ni milimita kama 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote zikishuka kati ya Desemba na Aprili. Mei mpaka Novemba ni kiangazi, si ukame. Nchi yetu hii ya Dodoma ni nusu jangwa, na wazee wetu walishikilia uwele na mtama kwa kuwa walilijua hilo.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo linaloniumiza: ardhi kugeuka jangwa. Hapo mvua inaweza kuwa ile ile, ila ardhi haiwezi tena kuipokea. Miti imeishia kwenye tanuri la mkaa, nyasi zimeliwa hadi shinani. Matone yanaupiga udongo mtupu mpaka juu unaganda kama sakafu, maji yanakosa pa kuzama, yanatiririka na udongo wenye rutuba, yanachimba mfereji, na mfereji unakuwa korongo. Maji yaliyopita mbio namna hiyo hayajazi hata kisima.

Anayebisha aende Kondoa. Mmomonyoko wa udongo kwenye vilima vya Irangi huko ulikithiri hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Ulikuwa uamuzi mchungu. Kumwambia mtu aondoe ng'ombe wake ni kumwondolea akiba, mahari na maziwa ya watoto, na sitaki kuupamba. Lakini nyasi zilirudi, vichaka vikafuata, miteremko iliyokuwa udongo mwekundu mtupu ikavaa kijani. Iliyoshughulikiwa ni ardhi, si mawingu.

Ndiyo maana nang'ang'ania maneno. Tukisema ukame, shauri lote tumemwachia Mungu, tunakaa kusubiri mahindi ya msaada. Tukisema mmomonyoko, maswali yanatugeukia sisi: nani alikata migunga ya pale juu? Mbona matuta yanafuata mteremko badala ya kuukinga?

Na la kufanya lipo. Wakulima wengi mkoani wanatumia kisiki hai: kwenye kisiki cha mti uliokatwa unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unafunga kitambaa kuwa alama ili mtu asikate, unatunza. Hununui miche wala hubebi ndoo kumwagilia, kwa sababu mizizi ilishazama zamani.

Nitamwomba mzee yule tupande pamoja hadi juu ya shamba lake, tukaone maji yanaanzia wapi. Visiki vya migunga vipo pale, nimeviona, na vimechipua.