Kichwa cha Mjomba Kilivyoivia Tanurini

Aliyeniponza ni Houdon, mchongaji Mfaransa wa karne ya kumi na nane. Jumapili moja nilimtembeza mjomba Louvre, jumba la makumbusho hapa Paris, tukasimama mbele ya kichwa cha mwanafalsafa Diderot alichokifinyanga Houdon mwaka 1771. Ni udongo wa kuchomwa, ndugu wa chungu cha bibi, lakini mzee kageuza shingo kama kaitwa jina. Wigi hana, zama ambazo muungwana bila wigi alikuwa kama yuko uchi. Ujanja wa Houdon uko machoni: alichimba mboni, akabakisha ndani chembe ya udongo inayodaka mwanga.

"Si unasomea ufinyanzi wewe?" mjomba akaniuliza. "Nitengeneze na mimi."

Nilikuwa na majuma matatu ya darasa la jioni na kisahani kimoja kinachoyumba. Nikakubali.

Mjomba alikaa kwenye kiti cha jikoni jioni nne. Nikamwomba avue kofia, kama Diderot alivyovua wigi. Akaniangalia tu. Basi kofia nikaifinyanga peke yake, nyembamba, na vitobo vyake vyote, nikaibandika mwishoni. Machoni nikaiga ule ujanja. Akatoka kama mtu aliyemwona anayemdai mlangoni. Lakini alifanana, wallahi!

Sasa, mwalimu alituonya: kichwa hukatwa utosi, kikakombwa ndani mpaka ubaki unene wa kidole, kisha kikaachwa kikauke taratibu. Mimi nimkate mjomba utosi? Nikakipeleka tanurini kizimakizima, kizito kama jiwe la kusagia, nje kikavu, ndani kibichi.

Maji yakichemka katikati ya udongo mnene, mvuke hutafuta pa kutokea. Ulipata. Asubuhi tulipofungua tanuri mjomba alikuwa kila mahali. Sikio lilikuwa ndani ya bilauri ya mama mmoja mstaafu. Akalitoa kwa vidole viwili, akanikabidhi kama anayenirudishia soksi. Kilichopona ni kofia peke yake, imetua juu ya sahani ya mtu, haina hata ufa.

Simu ikalia. "Mjomba, kichwa changu kimeiva?"

"Kimeiva, mjomba. Tena sana."

Jioni nikampelekea kofia ndani ya gazeti. Akaigeuzageuza, akachungulia chini yake, akanitazama mimi, akachungulia tena.

"Na ulitaka niivue," akasema, akaiweka juu ya kabati.