Tukirudi Desemba tuanze na mfongo

Huku Moshi vijijini siku hizi semina za kilimo endelevu haziishi. Unafika, mnapewa daftari na maji ya chupa, mtaalam anaeleza pamakalcha ni nini, kwamba unapanda kwa ngazi, miti mirefu juu, chini yake vinavyopenda kivuli, chini kabisa vinavyotambaa, mifugo itoe mbolea na udongo usiachwe uchi. Mimi nazipenda hizo semina na wala sitaki zife, maana kuna vijana wetu hawajawahi kuelezwa kwanini bibi alikuwa analaza majani makavu kwenye shina la mgomba, wanadhani ni uchafu wanayafagia wanachoma. Ila kuna jambo halisemwi humo ndani na mimi naona ndo lenyewe: vihamba vyetu havifi kwa kukosa elimu, vinakufa kwa kukosa maji, na maji yanakosekana kwa sababu mfongo, ule mfereji wa asili unaoleta maji kutoka mtoni, umekosa watu.

Kwa ambaye hajakulia huku, kihamba ni lile shamba linalozunguka nyumba, hapo hapo mnapoishi, kwa kawaida hata ekari mbili halifiki, na baada ya kugawiana mpaka wajukuu wengine sasa hivi wana robo ekari. Juu kabisa unakuta mringaringa, mruka, siku hizi na migrivea, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage, kiazi kikuu kinapanda kwenye mti, ng'ombe yuko bandani anakatiwa majani na vipande vya mgomba na samadi yake inarudi kwenye shina lile lile. Pembeni mimea ya masale inaonyesha mpaka. Watafiti waliokuja miaka ya 80 walihesabu aina zaidi ya 100 za mimea kwenye vihamba, na mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliitambua Shimbwe Juu, kule Uru, kuwa eneo la urithi wa kilimo wa dunia. Bill Mollison na David Holmgren walitoa kitabu chao cha kwanza cha pamakalcha mwaka 1978 huko Australia na nawaheshimu sana, wamewafanya watu wa mbali waone thamani ya kilimo cha namna hii, ila wakati wanaandika huku watu walishakula mtori wa vihamba vizazi na vizazi.

Sasa hicho kihamba hakikuwahi kusimama peke yake. Mlima Kilimanjaro una mvua ndiyo, lakini vuli ikishakata, Januari na Februari ni jua tupu mpaka masika ya Machi, halafu tena Agosti mpaka Oktoba panakauka. Mgomba unataka maji muda wote na kahawa ikikosa maji inaangusha maua. Hapo ndo mfongo unaingia. Wageni wa kizungu waliopita huku karne ya 19 waliikuta tayari mifongo inatiririsha maji ubavuni mwa mlima na waliandika kwa mshangao.

Ukitaka kujua wazee walikuwa na akili kiasi gani nenda kauangalie mfongo wenyewe. Kule juu mtoni wanajenga banio kwa mawe, udongo na magogo ya migomba, halijengwi kuzuia mto wote, linageuza sehemu tu. Kisha mfereji unafuata bega la mlima kwa mteremko mdogo sana, maana mteremko ukiwa mkali maji yanachimba kingo yanaondoka nazo, na ukiwa bapa mchanga unajaa unaziba, na hiyo yote walipima kwa macho na kwa kujaribu na maji yenyewe. Unafika kwenye nduwa, bwawa dogo la udongo. Jioni tundu la nduwa linazibwa kwa gogo la mgomba na udongo, maji yanajaa usiku kucha, alfajiri mwenye zamu anazibua na yanashuka kwa nguvu mpaka kihamba cha mwisho kule chini. Bila nduwa yale maji machache yanapotelea njiani, yaani unafungulia asubuhi na mpaka mchana mtu wa kule chini bado anasubiri.

Na kila mfongo una mkubwa wake, meni mfongo, anayepanga zamu na kuita watu wa kuzoa tope na kuziba palipobomoka. Usipokuja kwenye kazi unapigwa faini, zamani ilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi, au hata mbuzi, na ukikaidi zamu yako inapita. Mradi wa jamii unaoongozwa na jamii ndo huo, hakukuwa na mfadhili, hakukuwa na bango la chuma barabarani lenye nembo tano. Watu walikuja kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kwa sababu asiyekuja mgomba wake ulinyauka na kila mtu alijua kwanini.

Leo ukipanda juu katikati ya mwaka unakuta nani? Wazee na watoto wa shule. Bei ya kahawa ilivyoanguka baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika 1989, vijana waliondoka, wakaenda Dar, Arusha, Mererani, na siwalaumu hata kidogo, ada za shule zilikuwa zinatoka kwenye kahawa na kahawa haikulipa tena. Lakini mfereji wa kilomita kadhaa hauwezi kuzolewa tope na mzee wa miaka 70 na mke wake. Tope linajaa, nduwa inaota majani, banio likibomoka na mvua linakaa hivyo hivyo mwaka mzima. Halafu anakuja mtu wa mradi anatoa miche ya parachichi. Miche mizuri kabisa, Januari yote inakauka, na ripoti inasema wananchi hawakuwa na mwamko.

Upande wa pili kuna sisi wa Desemba, tunaoishi mjini. Tunarudi wote, kijiji kinajaa magari, na hela ipo. Na hela hiyo tumeijengea nyumba nzuri, sikatai, lakini tumeng'oa migomba tukamwaga zege na pevingi mpaka getini, mvua ikinyesha maji yote yanakimbia barabarani yanachimba korongo kwa jirani, wakati zamani yalikuwa yananywewa na yale majani yaliyolazwa chini. Ndugu zangu, bakisheni hata nusu ya uwanja. Gari halihitaji uwanja wote ule.

Ombi langu ni hili. Desemba ndo wakati pekee watu wenye nguvu wapo kijijini, na ndo wakati sahihi kwa kazi yenyewe, kwa sababu vuli inaisha na mwezi unaofuata ni ukame. Tutoe siku moja ya mfongo kati ya Krismasi na mwaka mpya. Kila ukoo utoe watu, tukutane kwenye nduwa asubuhi, meni mfongo agawe vipande, wa majembe mbele, wa kutoa tope nyuma, wanaojua kujenga wapande banioni. Najua wapo watakaosema wao watachangia hela akodiwe mtu. Hela ije, cementi ya kuimarisha banio inahitajika na kibali cha kutumia maji kupitia jumuiya ya watumia maji kinahitaji gharama pia, ila na mwenye hela naye ashike jembe, kwa sababu mtoto wake wa miaka kumi aliyezaliwa Mbezi anatakiwa aone maji ya nyumbani kwao yanatokea wapi. Wengi wanadhani ni theluji inayeyuka. Mito yetu inalishwa zaidi na ule msitu wa juu, na mtoto akiuona siku hiyo hutahitaji kumhubiria habari za kukata miti.

Wengine mtasema mabomba yapo. Yapo, na ni ya kunywa na kupikia, ukimwagilia migomba kwa maji ya bomba ambayo jirani anayapangia foleni na dumu lake utagombana naye bure.

Kwenye grupu la ukoo wetu nimeshapendekeza tarehe 27. Baba mdogo amekubali kutoa ndizi za mbege, shangazi anasimamia kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, majembe manne yapo na tunahitaji kama kumi hivi, mwenye la ziada aje nalo. Wa koo nyingine mnaotumia mfongo huu huu ongeeni na meni mfongo mapema kabla hamjapanda basi, awapangie kipande chenu.