Mlima wa kuzunguka

Jumapili moja ya mwezi wa nane nilimpigia mama simu nikiwa nimekaa kwenye benchi la mbao, buti nimevua, kisigino cha kulia kina lengelenge kubwa kama sarafu. Nikamwambia leo nimetembea mlimani saa nne nzima.

"Ulikuwa unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu, mama. Natembea tu."

"Ukafika wapi?"

"Nimerudi pale pale nilipoanzia."

Kimya. Halafu akauliza: "Na huko wanakulipa kwa hilo?"

Nikamwambia hapana, nimelipa mimi. Mama akaguna ule mguno wake, akaniuliza kama nimekula.

Mimi ni mtoto wa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Ninatunza wazee katika mji mdogo wa Visp, jimbo la Wallis, kusini mwa Uswisi, na huu ni mwaka wangu wa saba. Treni ya kwenda Zermatt naisikia nikiwa kitandani, na kwa miaka sita sikuwahi kuipanda kwa ajili ya kutembea. Kutembea mlimani kwangu ilikuwa kazi ya kaka yangu, mpagazi wa Kilimanjaro, siyo starehe ya mtu. Aliyeniburuta ni mwenzangu wa kazini, mama wa miaka 63, magoti yote mawili mabovu, ambaye siku ya mapumziko isiponyesha humkuti nyumbani.

Zermatt wengi wanaijua kwa kuteleza kwenye theluji. Magari ya petroli hayaingii. Unaacha gari kijiji cha Täsch, unamalizia kwa treni, na mjini kinachokupita ni vigari vya umeme visivyo na sauti. Hata mwezi wa nane ndani ya treni walikuwamo vijana wamebeba mbao zao za kutelezea, maana kule juu kabisa kuna barafu inayotelezewa mwaka mzima. Sisi tulikuwa wa kundi lingine, wenye fimbo mbili mbili na mikate mfukoni. Tukapanda treni ya kamba inayopita ndani ya mwamba hadi Sunnegga, mita 2,288, kisha gari la kamba hadi Blauherd, mita 2,571. Kuanzia hapo ni miguu: kilomita kama 10, maziwa matano, na njia inakuzungusha hadi inakurudisha Sunnegga.

Mji wenyewe uko mita 1,608. Nililinganisha kimoyomoyo, kama Mchaga yeyote angefanya: hiyo ni chini ya geti letu la Marangu. Na Blauherd haifikii hata Mandara, kituo cha kwanza cha kulala cha wapanda Kilimanjaro. Kwetu urefu huo bado uko msituni, ukungu umejaa, mbega wanaruka juu ya kichwa chako. Hapa miti imeshakwisha. Ni majani mafupi, mawe, na mnyama mmoja kama pimbi aliyenenepa, anayesimama wima mlangoni mwa shimo lake na kupiga mluzi ukikaribia.

Kilichonishangaza mwanzo ni vibao. Kila njia panda kuna kibao cha manjano, na kibao hakikwambii kilomita, kinakwambia muda. Dakika ishirini, saa moja na nusu. Nimekulia mahali ambapo ukiuliza "ni mbali?" unajibiwa "si mbali, ni hapo tu," na hiyo "hapo tu" inaweza kukumalizia mchana. Kwenye mawe wamepaka alama nyeupe, nyekundu, nyeupe: maana yake hii ni njia ya mlima, vaa viatu vya maana. Mimi nilikuwa na viatu vya maana, tatizo nilivinunua jana yake. Mwenzangu alinionya dukani, nikajifanya najua.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba njia hizi zimo ndani ya katiba yao. Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Tarehe 18 Februari 1979 wananchi wa Uswisi walipiga kura, wakakubali njia za miguu ziandikwe kwenye katiba, na leo nchi ina mtandao wa njia za matembezi wa kilomita zipatazo 65,000. Ukitaka kufuta njia mahali, unapaswa kuweka nyingine badala yake. Sisi tumebishana juu ya katiba mpya tangu nikiwa binti, na sijasikia mtu akidai kifungu cha kutembea. Sisemi kingekuwa cha kwanza.

Ziwa la kwanza, Stellisee, ndilo la picha. Upepo ukitulia mlima wa Matterhorn unasimama mle majini kichwa chini, na ukingoni wamejipanga watu na simu zao. Nami nilipiga, nisiwe mnafiki. Ziwa la pili ni dogo, lina miti pembeni, la tatu kuna familia zilizokuwa zinachoma soseji na watoto wanajitosa kwenye maji ambayo mimi nilitia kidole nikakitoa.

La nne, Moosjisee, lilinikamata kwa rangi: buluu ya maziwa, kama mtu amemimina chokaa na dawa ya kufulia kwa pamoja. Nikasema hili ndilo zuri kuliko yote. Mwenzangu akacheka. Hilo si ziwa, ni bwawa, watu wamelitengeneza. Akaanza kunionyesha na mengine: mstari ule mteremkoni ambako udongo umesawazishwa kama uwanja wa mpira, ndiyo njia ya kuteleza ya majira ya baridi, vile vichwa vya mabomba vinavyochungulia kwenye majani ni vya mizinga ya theluji. Ndiyo, theluji ya kutengeneza. Baridi ikifika na mawingu hayajaja, maji yanasukumwa kutoka kwenye mabwawa, yanapulizwa, yanaanguka yakiwa meupe. Upande wa pili wa bonde barafu ya Findel imejikunja juu kabisa, chini yake imeacha kifusi kitupu. Mwaka 2022 na 2023 peke yake Uswisi ilipoteza kama sehemu moja ya kumi ya barafu yake yote ya milimani. Hapo hatuna cha kutambiana. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tangu 1912 imebakiwa na chini ya sehemu moja ya tano ya barafu yake. Kwa hiyo anayewaletea picha za Ulaya akisema "tazameni mazingira yalivyotunzwa," mwambieni anionyeshe na mabomba.

Watu wanasalimiana njiani. Hili si dogo. Ndani ya basi la Visp unaweza kukaa bega kwa bega na jirani yako mwaka mzima na asikwambie neno. Huyo huyo ukimkuta mlimani anakuchangamkia kwa salamu. Mtoto anasalimia, mzee anasalimia, anayepumua kwa taabu naye anasalimia. Nikajikuta namjibu mzee mmoja "Shimbonyi!", salamu yetu ya Kichaga, bila kukusudia, akaitikia kwa kichwa kana kwamba ndivyo wanavyosema kijijini kwake. Nimejiuliza kwa nini watu hawa utu wao wanaupandisha juu na kuuacha huko huko wakishuka. Sina jibu. Ninachojua, zile saa nne zilikuwa mara yangu ya kwanza Uswisi kusalimiwa na watu zaidi ya hamsini kwa siku moja, na wote walinitazama usoni.

Tukapita kijiji cha Findeln. Nyumba za mbao zilizoungua jua mpaka zikawa nyeusi, na maghala ya zamani yamesimama juu ya miguu. Kati ya kila mguu na ghala kuna jiwe bapa la duara, pana kama sinia. La nini? La panya. Panya akipanda mguu anakutana na jiwe limemtokeza juu ya kichwa, anashindwa kulivuka. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama Stellisee. Hawa watu walikuwa maskini. Ghala la namna hiyo hajengi tajiri; anajenga mtu ambaye gunia moja likiliwa, mtoto hali.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika. Tarehe 14 Julai 1865 Mwingereza Edward Whymper na wenzake sita walifika kilele cha Matterhorn, mita 4,478, kwa mara ya kwanza. Wakati wa kushuka kamba ilikatika, wanne wakafa. Waliobaki na Whymper ni wawili wa Zermatt, baba na mwanawe, wote wakiitwa Peter Taugwalder, waliochukuliwa kwa malipo. Miaka 24 baadaye, Oktoba 1889, Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller, mtu wa milima hii hii ya Alps, wakafika kilele cha Kibo, na kwetu Marangu tumekua tukisikia jina la Yohani Kinyala Lauwo, kijana wetu aliyewaongoza. Kijiji kwa kijiji, hadithi ni moja: mgeni anataka kilele, mwenyeji anajua njia na anahitaji fedha.

Ila Zermatt ya leo jumuiya ya koo za wenyeji inamiliki hoteli na migahawa, na ina hisa kwenye kampuni ya magari ya kamba. Wajukuu wa wapagazi ndio wanaouza tiketi. Kwetu wapo Wachaga wenye kampuni za utalii na hoteli, tena kubwa, sitawaficha. Lakini kaka yangu amebeba kilo 20 kwenda juu mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na kilele hajawahi kukiona. Mpagazi kwa kawaida hafiki kileleni. Anabaki kambini anasubiri wageni washuke. Mama yangu ana miaka 70, amezaliwa chini ya mlima ule, na hajawahi kupita geti. Si kwamba amezuiwa. Raia tunalipa kidogo sana kulinganisha na mgeni. Ni kwamba hakuna kitu mle kinachomwita. Mlima wetu una mwelekeo mmoja tu, juu, na juu ni kwa ajili ya mgeni.

Mwaka 2019 serikali ilipozungumzia gari la kamba Kilimanjaro, wapagazi walikuja juu, na kaka alikuwa mmojawapo. Niliwaunga mkono, na baada ya kupanda yale ya Zermatt bado nawaunga mkono, ingawa nakiri magoti ya mwenzangu yasingefika Blauherd bila lile gari. Ninachokitamani mimi si gari. Ni njia ya kuzunguka.

Na njia hizo tunazo! Huku Wallis wana mifereji ya kale waliyoichonga kwenye miamba kuteremsha maji ya barafu mpaka mashambani. Maji yaligawanywa kwa saa, kila familia na zamu yake, haki zao zimechongwa kwenye vijiti. Pembeni ya mfereji kuna kinjia cha mtu wa kuukagua, na leo kinjia hicho ndicho watu wanachotembea Jumapili. Mchaga gani anayesoma hapa na hajauona mfongo? Maji yanatoka mtoni juu, yanakatiza ubavu wa mlima, yanapita kihamba hadi kihamba, yaani shamba la migomba la kila ukoo, wazee wanapanga zamu. Na pembeni ya mfongo kuna kinjia. Nilipopelekwa kuona mfereji wa Kiswisi kwa mara ya kwanza nilitaka kuvua viatu nikachote maji.

Najua mtakayosema: "Ninyi mlioko Ulaya mnarudi kutufundisha kutembea, sisi tunaotembea tangu alfajiri." Ni kweli. Huku ng'ombe wakati wa kiangazi wanapandishwa malishoni, kengele shingoni, wanajitafutia wenyewe. Kwetu ng'ombe anakaa bandani, majani ndiyo yanayomfuata, juu ya kichwa cha mwanamke. Nimebeba majani hayo. Najua ngata inavyoteleza ukitoka jasho, na najua mtu aliyeshusha mzigo ule saa kumi na moja jioni hataki kusikia habari ya matembezi. Mwenzangu ana likizo yenye malipo, ana bima, ana kadi ya nusu nauli. Kutembea bure bure kunataka kwanza uwe umeketi. Halafu vihamba vina wenyewe. Huwezi kupitisha watu kwenye migomba ya mtu na kuita hiyo njia ya umma. Itabidi kukaa chini na wenye mifongo, na kama kuna shilingi itakayopatikana, ianzie kwenye kukarabati mfongo wenyewe, maana mingi imeshabomoka. Lakini hata hivyo nataka.

Ngurumo ilianza saa tisa. Huku mlimani mchana wa kiangazi mawingu hayatoi taarifa. Tukakazana kile kipande cha mwisho cha kupanda, Leisee, ziwa la tano, tukaipita bila kuitazama, tukafika Sunnegga matone ya kwanza yakianguka. Kwenye mgahawa rösti yenye yai juu ilinitoa zaidi ya faranga 20. Viazi hivyo! Nimekula nikinung'unika, nimemaliza sahani.

Wiki iliyopita nilimpigia tena mama. Nikamwambia Desemba nakuja, na nataka tutembee mimi na yeye kufuata mfongo, tuanzie kwetu, tuzunguke mpaka kule juu unakoanzia, tushukie upande wa shangazi, turudi.

"Kufanya nini?"

"Kutembea tu, mama."

Akafikiri. "Sawa," akasema. "Lakini njoo na panga. Kule juu kuna majani mazuri, na ng'ombe hali matembezi."

Kaka, aliyekuwa pembeni, nikamsikia akiuliza mzigo wa kurudi nao atabeba nani.