Baba hajasafiri, mwambieni mtoto ukweli

Baba alipokamatwa nilikuwa darasa la kwanza, na pale kwetu Chang'ombe ya Dodoma nikaambiwa kasafiri, kaenda Mbeya kwenye mpunga. Nikaamini kabisa. Kipindi kile karandinga ikipita inatoa mahabusu mahakamani kuwarudisha gereza la Isanga, sisi watoto tulikuwa tunaikimbilia na kupunga mikono, mchezo tu, hatujui kitu. Miaka mingi baadae ndo baba akaniambia siku moja alikuwemo mle ndani, alichungulia kwenye wavu akaniona nina sweta la shule limechanika kiwiko, nampungia, akashindwa hata kuniita.

Ukweli niliusikia darasa la nne, kwenye foleni ya bomba la maji. Mwenzangu tuligombania ndoo akanitolea uvivu, wewe baba ako mfungwa, mji mzima unajua. Na kweli walikuwa wanajua, kumbe ndo maana penseli ikipotea darasani mwalimu anaanza na begi langu.

Kilichoniuma zaidi sio kufungwa kwake bana, ni kwamba mama na bibi na mashangazi wote walikuwa wanajua na mimi miaka mitatu nasubiri zawadi kutoka Mbeya.

Najua wazazi wanaficha kwa aibu, wengine kwa huruma, lakini mtoto ana masikio, atasikia tu, sasa bora asikie kwa mama yake kuliko bombani. Huna haja ya kumweleza kesi yote, mwambie baba alikosea, yuko gerezani, anakupenda, tutaenda kumwona. Afu mpelekeni kweli. Bibi aliponipeleka mara ya kwanza tulibeba sabuni ya mche na dawa ya meno, tukaongea dakika chache askari kasimama pembeni, na baba swali la kwanza akaniuliza, umefika darasa la ngapi mwanangu? Alikuwa hajui. Nilivomwambia la nne akainamisha kichwa.

Na kina mama wakifungwa ndo balaa zaidi maana mara nyingi nyumba nzima inavunjika, watoto wanagawanywa huyu kwa bibi kule Bahi huyu kwa mjomba kule Kongwa. Mkataba wa Afrika wa haki za mtoto wa 1990, kifungu cha 30, unataka mahakama ikimhukumu mama mwenye watoto wadogo ifikirie kwanza adhabu isiyo ya kifungo, na sheria ya huduma kwa jamii tunayo tangu 2002, sasa kwa makosa madogo kwanini mama asifagie hospitali mchana, jioni arudi kwa wanae? Mi naona hata kina baba wafikiriwe hivo.

Kuna dada mmoja jirani yangu hapa Nkuhungu, mumewe yuko ndani, mtoto akiuliza anamwambia baba atakuja Krismasi. Krismasi zimeshapita mbili. Juzi nimekaa nae tukaongea sana, akalia, mwisho kakubali, Jumapili tunachukua bajaji tunaenda wote watatu, mtoto tumwambie Jumamosi jioni akishakula.