Fimble, mmea dume uliopewa jina la kike

Kuna neno la zamani la wakulima wa Uingereza ambalo mi naona kila anayesoma habari za mimea angelijua, nalo ni fimble. Ni jina la mimea ya hempu iliyokua myembamba na kung'olewa mapema shambani. Hempu yenyewe ni bangi tu, Cannabis sativa, ila hii ililimwa kwa ajili ya nyuzi, watu wakapata kamba, matanga ya meli, na nguo pia.

Neno lenyewe limetokea upande wa Uholanzi na Ujerumani ya kaskazini, huko walisema femel, na ukizidi kurudi nyuma unafika kwenye Kilatini, femella, yaani jike. Ile mimea mingine iliyobaki, minene na migumu, ikaitwa carl, neno la zamani la mwanaume. Kumbe ni kinyume kabisa! Fimble ndo dume, linamwaga chavua halafu linanyauka, na carl ndo jike lenyewe, linabaki shambani mpaka mbegu zikomae.

Sasa walifikaje hapo? Walitazama umbo tu, chembamba na dhaifu kikawa cha kike, kinene chenye nguvu kikawa cha kiume, na hapo ndo panaponiuma, maana mbegu walikuwa wanaziona kwa macho yao na bado anayezaa akaitwa mwanaume. Sisi mpapai usiozaa tunauita dume bila kuhangaika, hatuangalii unene wa shina.

Lakini nisieleweke vibaya, kazi yao waliijua vizuri sana. Walijua fimble ina nyuzi laini za kusokota, walijua ing'olewe lini, tena kwa mkono, mmoja mmoja katikati ya mingine bila kuikanyaga. Mwaka 1694 mtaalamu wa mimea Rudolf Camerarius kule Tübingen, Ujerumani, aliandika kwamba chavua ndo upande wa kiume wa mmea, ila majina ya shambani yakaendelea vilevile.

Ndo maana sikubaliani na wanaotaka neno hili lifutwe eti lina makosa. Libaki, kamusi ieleze kosa lilitoka wapi. Wajerumani mpaka leo wanaita Femelschlag ule ukataji wa msitu wa kuchagua miti michache michache na kuacha mingine, jina limetoka kwenye kung'oa hempu, na ukifuta fimble hata hilo hutaelewa limetokea wapi.